Mechi Tisa na Nyongeza

Msimu ule ulitugharimu mipira mitatu, jozi kumi na mbili za raba, magoti mawili ya senta wetu na nyongeza moja. Mipira iliwekwa viraka, raba zilitupwa, magoti yamezoea. Nyongeza ndiyo haijalipwa mpaka leo. Nimehesabu mara mbili, na mnaonijua mnajua ya tatu huwa nahesabu kumridhisha mtu mwingine.

Ninyi vijana mnaosimamia timu za kikapu hapa mjini mmeniambia, Mzee Shomari, sasa umestaafu, tuandikie ya kazini. Vyeo sitaviandika, nilivyopata havikumwongezea mtu urefu uwanjani. Mishahara nayo tuiache, wengine mnasoma huku mnakula. Nitaandika msimu mmoja tu, ule tuliocheza kila mechi tukijua kwamba tukishindwa tunahama.

Niliajiriwa nikiwa kijana kwenye bohari ya vipuri ya shirika moja la umma, pale Gerezani. Zamani hizo shirika lilikuwa na timu kama lilivyokuwa na geti. Wachezaji waliandikwa makarani, madereva na wapakiaji, lakini kila mtu alijua kazi yao ni kikapu. Asubuhi wanasaini, mchana wanakula, jioni wanakimbia. Walikaa kwenye kota za shirika, vyumba viwili viwili, na wake zao na watoto wao.

Siku moja mkubwa wa michezo alinikuta nahesabu beringi ambazo nilikuwa nimeshazihesabu. Akanitazama, akasema, "Wewe utakuwa meneja wa timu." Nilimwambia sijui kudunda mpira. Akasema wanaojua wako kumi na wawili, hawamtaki wa kumi na tatu.

Jioni hiyohiyo nilikabidhiwa kwa Kocha Lucian. Alikuwa mwalimu wa shule zamani, mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyasema polepole kana kwamba yanauzwa kwa kipimo. Alinipa wavu wa mipira, chaki ya kuchorea mistari kwenye saruji, na kisu cha machungwa.

"Chungwa moja vipande vinne," alisema. "Kila mtu vinne. Akipata mmoja vitano, kuna aliyepata vitatu, na huyo ndiye atakayekosa kufunga."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Msimu wa kwanza tulipoteza mechi kwa pointi moja, na nilipohesabu maganda nilikuta mtu alikula vitano. Tangu siku hiyo kisu hakikutoka mkononi mwangu, na ninyi nawashauri hivyohivyo, hata kama siku hizi mnagawa maji ya chupa.

Kabla sijaendelea lazima niwaambie nilikotoka, maana ndiko lilikotoka kosa lenyewe. Mama yangu aliuza dagaa soko la Kariakoo, kwa fungu. Nimekulia chini ya meza yake. Mteja anauliza bei, anashtuka, anapunguza, mama anashtuka zaidi, wanakutana katikati. Fedha ikishapokewa, mteja anasema, "Na nyongeza, mama?" Mama anachota kidogo kwa vidole, anamtupia juu. Hafikirii. Mkono unakwenda wenyewe. Alisema mteja haendi nyumbani akikumbuka bei, anakwenda akikumbuka alichotupiwa. Mimi nikajifunza hayo kabla ya kusoma, na yakaniingia kuliko kusoma.

Basi, ikaja ruksa ya kila mtu kuagiza bidhaa nje. Kila mwenye kontena akaleta vipuri vyake, na watu waliokuwa wakipanga foleni kwetu tangu alfajiri wakawa wanapita kwa mbele wakiwa na maboksi ya dukani. Bohari yetu ikabaki na vumbi na vipuri vya malori ambayo yenyewe yalikwishakufa. Tukasikia tunauzwa. Halafu tukasikia tumeshauzwa.

Aliyenunua aliitwa Bwana Kanti, mfanyabiashara wa vitambaa Mtaa wa Uhuru, mtu wa familia ya Kihindu ya Upanga, mzaliwa wa mjini hapa kuliko wengi wetu. Kiswahili chake kilikuwa cha Kariakoo tupu. Alikuja kukagua mali, akapita kwenye rafu, akagonga vyuma kwa ufunguo kusikia kama vimeoza. Alipofika uani akawakuta wachezaji wanapasha misuli.

"Hawa warefu wanafanya kazi gani?" akamuuliza msimamizi.

"Wapakiaji, bosi."

"Wanapakia nini, mawingu?"

Wiki ile ikatangazwa kwamba watu watapunguzwa na kota zitapangishwa. Senta wetu na nahodha, Deus, ambaye mji mzima ulimwita Ngazi, alinifuata bohari. Mke wake alikuwa mjamzito, na mama mkwe ameshafika kumwangalia. Ngazi alikuwa mtu wa kuinama milangoni, lakini siku hiyo aliinama hata ndani.

"Meneja, wewe una maneno," alisema. "Kaongee naye. Sisi tukienda atatuona warefu tu."

Nikaenda Mtaa wa Uhuru. Bwana Kanti alikuwa amekaa kwenye kigoda kati ya majora ya khanga na vitenge, miwani usoni, futi ya kupimia mapajani.

"Shikamoo, Bwana Kanti."

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya wale warefu. Wako kumi na wawili, wanakula kama ishirini. Wanauza nini?"

"Wanauza jina la kampuni."

"Jina nimeshalinunua. Lilikuwa ndani ya bei."

Nikamwambia timu ikicheza vizuri, watu wanalikumbuka duka. Akaniuliza ligi ina mechi ngapi. Nikasema timu kumi, nyumbani na ugenini, kwa hiyo kumi na nane.

"Leteni ushindi kumi na nne, nitawaacha mwaka mwingine. Timu ibaki, na kota zibaki."

Hapo nikajua tumeingia sokoni, na moyo ukatulia. Mtu akikutajia bei hajakufukuza.

"Kumi na nne ni bei ya bingwa, Bwana Kanti. Hawa vijana wanacheza kwa raba zilizofungwa kamba. Chukua sita."

"Sita? Sita hata mimi nikiingia na ndala nashinda. Kumi na mbili."

"Saba, kwa sababu ni wewe."

"Mimi ndiye nani?"

"Mteja wangu wa kwanza leo."

Akacheka puani. "Kumi na moja."

Nikasimama, nikaaga, nikatembea kuelekea mlangoni bila haraka. Nilipofika kwenye jora la mwisho akaniita. Wote wawili tulikuwa tunajua kwamba ataniita.

"Tisa," akasema. "Nusu kwa nusu. Tusisumbuane."

"Tisa," nikasema, nikampa mkono.

Mkono wangu ukiwa bado ndani ya wake, akauliza, "Na nyongeza?"

Nami, bila kufikiri, ulimi ukaenda wenyewe kama vidole vya mama. "Nitakutupia moja juu."

Akacheka, nikacheka, tukaletewa chai ya tangawizi. Nilirudi Gerezani nikiwaambia wote tisa, tisa tu, nimeipata tisa. Ile moja sikuitaja. Kwangu ilikuwa ni namna ya kuagana.

Msimu ukaanza, tukapoteza tatu mfululizo. Ya kwanza kwa uzembe, ya pili kwa woga, ya tatu kwa vyote viwili. Kila jioni ya mechi wake za wachezaji walikuwa wanasimama kwenye geti la kota. Hawaulizi matokeo. Wanatutazama tunavyotembea, halafu wanarudi ndani. Sijawahi kuonana na mwamuzi mkali kuliko wale.

Kocha Lucian hakupandisha sauti. Aliwaweka uani, akawaambia waache kucheza mechi kumi na tano zilizobaki kwa wakati mmoja. "Mnacheza na kota," alisema. "Chezeni na mtu aliye mbele yenu." Halafu akawatuma wakimbie, na Ngazi, ambaye magoti yake yalikuwa yanalia kama bawaba, akakimbia nao.

Tukashinda ya nne. Mpaka raundi ya kwanza inaisha tulikuwa tumeshinda nne, tumepoteza tano. Kila baada ya mechi ilinibidi nipite Mtaa wa Uhuru kutoa taarifa. Bwana Kanti hakuuliza nani kafunga wala mchezo ulikuwaje. Aliuliza, "Ipo?" Nikisema ipo, anakunja kidole kimoja. Nikisema haipo, anaendelea kupima kitambaa.

Raundi ya pili tukashinda mbili, tukapoteza mbili. Kisha ikaja mechi na timu ya kiwanda kimoja cha viatu. Tulipasha misuli, waamuzi wakapanga meza, upande wa pili hakuna mtu. Muda wa kungoja ulipokaribia kwisha akaja nahodha wao peke yake, amevaa suruali na kandambili. Akampa mkono Kocha, akampa mkono Ngazi, akasema geti la kiwanda limefungwa mnyororo tangu asubuhi na jezi zao ziko ndani. Mwamuzi akapuliza kipenga, tukapewa ushindi wa mezani. Hakuna aliyeshangilia. Ngazi alimpa yule nahodha raba zake za akiba, ingawa hazikumwenea.

Nilikwenda kwa Bwana Kanti nikiwa nimejiandaa kubishana. Nilimweleza yote, maana angesikia tu.

"Hamkucheza?" aliuliza.

"Hatukucheza. Lakini sisi tulikuwepo."

Akafikiri kidogo. "Nimepokea. Mtumba nao ni nguo." Akakunja kidole.

Ikawa saba. Tukashinda moja, nane. Tukapoteza. Halafu tukashinda ile ya kumi na saba, ugenini, kwa kikapu cha mwisho ambacho mpira ulizunguka kwenye pete kama mtu anayetafuta nyumba. Ulipoingia, nilikaa chini kwenye saruji. Tisa. Nilihesabu pale chini, nikahesabu tena nikiwa nimesimama. Jioni ile kwenye geti la kota tulipigiwa vigelegele, na mama mkwe wa Ngazi alinisonga mkono mpaka nikatafuta pa kuuweka.

Asubuhi nikaenda Mtaa wa Uhuru, nimepiga pasi shati.

"Ipo," nikasema kabla hajauliza. "Tisa."

Bwana Kanti akakunja kidole cha tisa. Kikabaki kile cha kumi, kimesimama peke yake.

"Na nyongeza yangu?"

Nikacheka. Hakucheka. Nikamwambia ile ilikuwa mazungumzo ya chai. Akasema chai ililetwa baadaye, neno lilikuja kabla, na mkono wangu ulikuwa ndani ya wake. Kweli ulikuwa. Ningekuwa mtu wa mahali pengine ningebisha. Lakini mtu aliyelelewa chini ya meza ya dagaa hawezi kumwambia mteja kwamba nyongeza haikuwa neno.

"Imebaki mechi moja," alisema, akarudi kwenye kitambaa chake.

Mechi moja hiyo ilikuwa na mabingwa. Kombe lilikuwa lao tayari, kwa hiyo walikuja kucheza kwa raha, na hiyo ndiyo namna mbaya kuliko zote ya kukutana na bingwa.

Nikawaambia Kocha na Ngazi. Kocha aliokota chaki, akaanza kuchora upya mistari ya uwanja. Ngazi alisema tu, "Meneja, nyongeza ya kikapu unaitoa wewe au naitoa mimi?"

Siku mbili kabla ya mechi, meneja wa mabingwa alinikuta kwenye mgahawa wa Msimbazi, akavuta kiti. Alikuwa amevaa saa mbili, moja kila mkono, maana alikuwa anauza saa pia.

"Nasikia mna shida ya mechi moja," alisema. "Sisi hatuna shida nayo. Tunaweza kuweka watoto wa benchi."

"Kwa bei gani?"

"Msimu ujao mtuachie Ngazi."

Katika maisha yangu sijawahi kutajiwa bei nisitaje yangu. Hata bei ya jeneza la marehemu mjomba nilipunguza. Siku ile nilitazama chai yangu ikipoa. Nikafikiria kota, mama mkwe, wachezaji kumi na mmoja wengine. Nikaihesabu ile biashara mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa inalipa.

"Sina bei," nikamwambia.

"Shomari? Wewe?" alisema, akaondoka anatikisa kichwa, kama mtu aliyekuta duka lake limehamishwa.

Mechi ilikuwa kwetu, uwanja wa nyuma ya bohari. Kota nzima ilikuja. Na Bwana Kanti alikuja, mara yake ya kwanza, kwenye kigoda chake kilichobebwa kwa gari. Alikaa kando ya meza ya waamuzi, mikono mapajani, hasemi na mtu.

Mabingwa waliweka watu wao wote. Nadhani meneja wao alitaka kunifundisha bei. Kipindi cha kwanza tulikuwa nyuma kwa saba. Nikagawa machungwa, vinne vinne, nikasimama juu yao mpaka wote wakameza. Kipindi cha pili Ngazi akaamka. Alikuwa hapigi kelele, alikuwa anapanda tu, anashuka, anashika goti, anapanda tena. Tukawafikia. Tukawapita kwa mbili. Dakika nne zimebaki, mvua ya masika ikashuka kama iliyokuwa inangoja zamu yake.

Mwamuzi akasimamisha. Wote tukajibanza kwenye ukuta wa bohari tukitazama ubao wa matokeo unalowa. Mwamuzi akasema uwanja usipokauka kabla ya jua kuzama, mechi itarudiwa upya. Upya, na sisi tuko mbele kwa mbili. Mvua ilipopungua nikafungua bohari, nikatoa magunia yote yaliyobaki. Wachezaji, wake zao, hata wafuasi wa mabingwa, kila mtu akapiga magoti kukausha saruji. Nilipoinua kichwa nilimwona Bwana Kanti, suruali imekunjwa mpaka magotini, anakandamiza gunia kwenye kona chini ya kikapu.

"Usinitazame," alisema. "Kamua gunia lako."

Tukaendelea kucheza. Mpira ulikuwa mzito na unateleza, mabingwa wakasawazisha, wakapita kwa moja. Sekunde za mwisho Ngazi akafanyiwa faulo, akapewa mitupo miwili. Yakasikika maji yanadondoka kutoka kwenye mabati. Wa kwanza ukagonga pete ukatoka. Akajifuta mikono kwenye jezi, jezi nayo imelowa, akatupa wa pili. Ukaingia. Sare. Mwamuzi akatangaza dakika tano za nyongeza. Nilihisi Bwana Kanti ananitazama, nikajifanya nahesabu jezi.

Dakika ya tatu Ngazi alipigiwa kipenga cha faulo yake ya tano, akatoka. Hakubisha. Alikuja kukaa karibu yangu, akanyoosha miguu, akasema, "Nimemaliza zangu." Bila yeye tulikuwa watu wafupi tu. Tulipoteza kwa tatu.

Kwenye geti la kota wale wanawake walitutazama tunavyotembea.

Jumatatu nilikwenda Mtaa wa Uhuru. Shati sikupiga pasi.

"Haipo," nikasema.

"Nilikuwepo," alisema Bwana Kanti. Akaweka futi chini. "Tisa umeleta, tisa nimepokea. Timu ina mwaka mmoja, na kota mwaka mmoja. Hilo tulipeana mkono."

Sikuamini. "Na nyongeza?"

"Nyongeza haidaiwi, Shomari. Umewahi kuona mtu anashitakiwa kwa nyongeza?"

"Sijawahi."

"Lakini mteja asipotupiwa kitu, siku nyingine anakwenda wapi?"

Nilijua. Mama alinifundisha. "Duka la jirani."

"Basi," alisema, na akanimiminia chai.

Ikawa hivyo. Mtoto wa Ngazi alizaliwa kota. Mwaka tuliopewa tulicheza, tukashinda kumi na moja, na zote hazikusaidia, maana zilikuja bila kuagizwa. Mwaka ulipokwisha Bwana Kanti hakuongeza mwingine. Uwanja ukajengwa fremu za maduka, kota zikapangishwa, Ngazi akachukuliwa na mabingwa, bure kabisa. Kocha Lucian akarudi kufundisha shule. Mimi nilibaki bohari kwa Bwana Kanti, kisha kwa wanawe, nikihesabu vipuri, na jioni nikisimamia timu za wengine, mpaka mwezi uliopita.

Bwana Kanti sasa ni mzee sana. Anakaa Upanga, ghorofa ya pili, barazani, blanketi magotini. Mambo mengi yamemtoka, hata bei ya jora hakumbuki. Napita kumjulia hali kila Ijumaa baada ya sala. Nasema, "Shikamoo, Bwana Kanti." Anasema, "Marahaba." Kisha anainua kidole kimoja kutoka chini ya blanketi, kile cha kumi.

"Ipo?"

Nimekuwa nikimjibu haipo miaka yote hii, na daktari wake ameniambia nisingoje sana.

Kwa hiyo, vijana, ninalowaomba ni hili. Mna timu, mna ligi inaanza. Mimi timu sina tena. Yeyote mwenye mechi ya nyumbani anipigie, nimlete mzee na kigoda chake, nimweke kando ya meza ya waamuzi. Jezi za rangi yoyote, mpinzani yeyote, hata awe mbovu. Ila mcheze, isiwe ya mezani. Nikopesheni ushindi mmoja. Mmoja tu. Nyongeza siombi.